Mke wa Maddock Mwaka Huu

Jumatatu, 9 Machi 1987

Lowri amevunjika mkono. Aliteleza, anasema, kwenye mteremko wa banda la boti alipokuwa akimpelekea Idwal chai. Habari niliipata kwa wateja kabla mdogo wangu mwenyewe hajaniambia – ukiuza mikate katika mji mdogo kama Aberhelyg huhitaji gazeti. Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Plasta mpaka karibu na bega.

Nilipofunga duka nikampelekea mchuzi wa kondoo na vitunguu vya liki. Nilimkuta jikoni kwake, mweupe kama unga, anacheka. Eti hata mikunga wa mtoni hawatelezi kama yeye.

Idwal alinipokea sufuria, akaniwekea kiti karibu na moto. Shemeji yangu ana adabu, hilo hakuna anayelikana. Alimkatia mkewe viazi vipande vidogo kama vya mtoto. Lowri akala vyote. Hakuacha hata kipande.

Wiki ya mshairi wetu Maddock inaanza Jumapili – na mke wa Maddock ana mkono mmoja.

Jumanne, 10 Machi

Mwalimu Haydn Treharne alinifuata dukani, amevua kofia. Alitufundisha kusoma, mimi na Lowri, na mpaka leo akiingia najikuta nafuta mikono kwenye aproni. Sasa ni mwenyekiti wa kamati ya Maddock na hana habari na kitu kingine duniani.

Anataka nishike nafasi ya Lowri katika Ugomvi wa Sahani.

Nilimwambia sijawahi kuigiza. Na nina miaka arobaini na nne, na mikono ya kukanda unga.

Akasema Morfydd Maddock alikuwa na mikono hiyohiyo. "Huigizi, Heulwen. Unarusha sahani, unapigwa kofi, unaanguka. Kazi yote iliyobaki ni ya Idwal."

Ndivyo ilivyo kila mwaka, Idwal akiwa Maddock na Lowri mkewe. Ynyr Maddock na mkewe Morfydd waligombana ndani ya baa ya Kondoo Mweusi, kabla ya vita, mbele ya watu. Mke akarusha sahani, mume akampiga, mke akaanguka karibu na moto. Ndipo mshairi akapiga magoti akaghani Shairi la Viazi, bila karatasi, kwa mara ya kwanza. Wakabusiana. Baa nzima ililia, wanasema. Na tangu afe, kila Machi tunaurudia ugomvi ule, na watu wanatoka mpaka London kuja kuutazama.

Nimekubali. Lowri amefurahi kupita kiasi. Kisha ghafla akaniuliza kama nimefikiri vizuri.

Alhamisi, 12 Machi

Mazoezi ya kwanza, ukumbi wa kanisa. Baridi. Sahani za plasta, nyepesi, zinavunjika vizuri, na kikaango cha karatasi ngumu cha kumtishia nacho Maddock.

Idwal alinifundisha kofi la jukwaani. Mkono unapita mbele ya pua, mimi nageuza kichwa, yeye anapiga paja lake – pa! Rahisi. Tukacheka.

Kisha akaghani. Nimelisikia shairi lile tangu utotoni, kila mtoto hapa analijua, mama anayemenya viazi wakati habari ya kifo cha mwanawe iko mlangoni. Lakini Idwal ana lile besi lake la kwaya. Hapandishi sauti. Anaongea kama mtu anayekuambia jambo jikoni. Nililia nikiwa nimelala sakafuni, machozi yakaingia masikioni.

Nikafikiri – mtu mwenye sauti hii hawezi kuwa na ubaya.

Jumamosi, 14 Machi

Kofi limenipata leo.

Tulikuwa Kondoo Mweusi penyewe, viti vimesogezwa, wateja wa mchana wanatazama. Nikageuza kichwa kama nilivyofundishwa na mkono ukanifuata. Sikio likalia. Niliona meza mbili. Nikaanguka kweli, si kwa kuigiza.

Watu wakapiga makofi. Mefin mwenye baa akasema sasa limekolea chumvi, Alhamisi tulikuwa tunacheza kidalipo.

Idwal aliniinua. Akasema samahani shemeji, mkono umenitoka. Aliniletea barafu kwenye kitambaa, akanishikia mwenyewe. Wanawake wa mezani wakasema Lowri kapata mume.

Shavu limevimba. Duniani hakuna mwoka mikate anayeweza kujificha. Wateja wote jioni – naona mazoezi yamenoga! Ndivyo walivyomwambia Lowri kila Machi. Hivyohivyo, neno kwa neno.

Jumapili, 15 Machi

Maandamano ya kufungua wiki. Mvua ya pembeni, miavuli imegeuka. Bendi, kwaya, watoto wa shule na vitunguu vya liki vifuani ingawa siku ya Daudi Mtakatifu, ambapo huvaliwa, imeshapita. Kutoka daraja mpaka makaburini, kuweka shada.

Watu wa Penrhiw, mji jirani, walikuwa wametutangulia. Kila mwaka wanasema Maddock alizaliwa kwao, sisi tumemnyonyesha bia tu. Mwaka huu walileta shada lao na wakalilaza kaburini kabla ya letu. Shada kubwa kuliko letu. Na kijana wao mmoja mnene alikuwa ameketi juu ya jiwe lenyewe, anakula mkate.

Mwalimu Haydn alimwomba ashuke, kwa upole. Kijana akamuuliza babu una tiketi?

Idwal alitoka kwenye safu ya kwaya. Hakukimbia. Akamkamata yule kijana nyuma ya shingo na kumshusha uso juu ya jiwe. Mara moja. Tena. Nilisikia meno. Penrhiw wote wakaruka, na wetu wakaruka, na wanaume wazima waliovaa tai wakaanza kupigana kati ya makaburi. Mtu alipigwa kwa ala ya shaba ya bendi mpaka ikakunjika. Diwani alikuwa amekaa kwenye matope anashika mbavu. Mama mmoja wa Penrhiw, wa umri wa mama yangu kama angekuwa hai, alimrarua Mefin shavu kwa kucha.

Polisi wetu wawili walisimama getini. Mmoja alikuwa akitabasamu.

Yule kijana alipoinuliwa hakuwa na meno ya mbele na jina la Maddock lilikuwa jekundu mpaka kwenye tarehe. Kwaya ikaanza wimbo. Idwal alirudi kwenye safu yake, akapokea sauti pale pale walipofika. Watu walilia kwa fahari.

Nilimtafuta Lowri kwenye umati. Hakuwa anaangalia vita. Alikuwa anaiangalia mikono ya Idwal, kama mtu anayetazama mawingu kuona kama nguo zitakauka.

Jumanne, 17 Machi

Naandika kwa shida. Kidole gumba kimevimba.

Mazoezi ya tatu, baani. Kuna mahali Maddock anamzuia mkewe asirushe sahani ya mwisho. Anamshika mkono, wanazunguka, anamwachia. Alhamisi alinishika kifundo cha mkono tu. Leo alinishika juu ya kiwiko kwa mikono yote miwili, akaupeleka mkono nyuma ya mgongo, akaupandisha. Polepole. Nyuma yetu watu wanacheka maana Mefin alikuwa anaigiza mbwa wa Maddock.

Akaniwekea mdomo sikioni. Akasema, "Mwenzako alilia hapa."

Kwa sauti ileile. Ya jikoni.

Akaupandisha zaidi. Niliuma meno. Alipoona silii akahamia kidole gumba, akakikunja mpaka kikalia. Ndipo akaniachia, akapiga magoti, akaghani shairi. Na kila mtu akanyamaza, na wengine wakafuta macho.

Hakuna mteremko wa banda. Hakuna kuteleza. Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko.

Jumatano, 18 Machi

Nilikwenda kwa Lowri mchana, najua Idwal huwa bandarini na boti ya uokoaji. Nilimwonyesha kidole. Nikamwambia nilichoambiwa sikioni.

 Akaanza kuzungumza haraka haraka. Eti akishakuwa Maddock ndiyo anakuwa hivyo, jukumu linamwingia mwilini, si yeye. Wiki ikiisha huwa anatulia. Huwa ananinunulia kitu, akasema. Na nani aliyewatoa wale wavuvi kwenye dhoruba ya Novemba, si yeye? Ulitaka nimshtaki mtu ambaye mji mzima umempa medali?

Nikasema mkono wako ulivunjika kabla mazoezi hayajaanza. Maddock hakuwapo.

Akatazama dirishani. Akasema, "Maddock yupo mwaka mzima, Heulwen."

Hatukumsikia Idwal akiingia. Alikuwa amevua buti mlangoni. Alisema karibu shemeji, akachukua birika lililokuwa linachemka juu ya jiko, akasogeza vikombe. Nikadhani anatumiminia. Alimimina mezani. Polepole, huku akituuliza habari za duka. Maji yakatambaa kwenye mbao kuelekea upande wa Lowri, yakafika ukingoni, yakaanza kudondokea mapajani mwake. Naye hakusogea! Alikuwa anamtazama mumewe usoni, na maji yanamwingia kwenye sketi.

Nilivuta kiti chake kwa nguvu mpaka tukaanguka wote wawili.

Idwal akarudisha birika juu ya jiko. Akasema nyumba hii haina vikombe vya kutosha kwa wageni wanaokuja bila kuambiwa.

Nilimmwagia Lowri maji baridi mapajani. Ngozi imeinuka, nyekundu, kama mkate ulioachwa tanurini. Alikuwa ananisukuma kwa mkono mzima. Nenda nyumbani, nenda, unafanya mambo kuwa mabaya zaidi.

Nikaenda. Nilitembea mpaka mwisho wa gati na kurudi, na mvua, na sikumbuki nani alinisalimu.

Alhamisi, 19 Machi

Kwa Mwalimu Haydn. Nilimweleza yote, hata maji.

Alinisikiliza vizuri. Nilipomaliza alisimama akachokoa moto ambao haukuhitaji kuchokolewa. Akasema Idwal ni mtu wa damu moto, kama Maddock mwenyewe, na pengine ndiyo maana anaghani vile. Akasema mambo ya mume na mke yana milango yake. Akasema Lowri hajawahi kulalamika hata siku moja.

Nikasema basi mimi nalalamika. Simwigizi mke wa Maddock tena.

Akaniambia, akitazama moto, kwamba Idwal alishampitia asubuhi. Alihisi kwamba ningejitoa. Amependekeza Lowri apande jukwaani na plasta yake hivyohivyo. Watazamaji watapenda.

"Nawe umemjibuje, Mwalimu?"

Amemjibu kwamba ni wazo la kufikiria.

Nitacheza.

Ijumaa, 20 Machi

Mikate yenye sura ya Maddock, trei baada ya trei. Zabibu mbili za macho, ganda la ndimu la mdomo. Watalii wanaanza kwa kung'ata pua.

Kidole hakikunjiki. Nakanda kwa kiganja.

Jumamosi, 21 Machi

 Nitaandika yalivyokwenda, nisije nikaanza kuyasikia kwa midomo ya watu nikasahau yangu.

Baa ilijaa mpaka madirishani. Watu walisimama nje kwenye mvua wanatazama kupitia vioo. Mwalimu Haydn alitoa hotuba, chozi likamtoka mahali pa siku zote. Lowri alikaa mstari wa mbele. Idwal alimchagulia kiti mwenyewe.

Tulianza. Nilirusha sahani, watu wakashangilia. Nilimwita Maddock mlevi, mvivu, mume wa chupa – maneno ya Morfydd, yameandikwa – na kila tusi linapokelewa kwa kelele. Kofi likaja. Nilikuwa nalingoja, nikaona halikuwa kofi, alikuwa amekunja ngumi. Ilinipata juu ya jicho. Damu ikaingia jichoni. Watu wakasema aaah! Mtu akauliza wanafanyaje hiyo damu.

Akanishika mkono wa kushoto. Juu ya kiwiko, mikono miwili. Akanizungusha mpaka nikawa nimemwelekea Lowri. Hilo halimo katika mchezo. Alitaka Lowri aone. Akaanza kupandisha, na safari hii alikuwa haongei nami. Alikuwa anamtazama mkewe juu ya bega langu. Nilisikia kitu kinaachia begani, kama uzi unaokatika. Nikapiga yowe na baa nzima ikapiga makofi.

Lowri alikuwa amefumba macho. Midomo inacheza. Nilidhani anasali. Kumbe alikuwa anasema basi, basi, basi.

Akaniachia ili nianguke. Hapo ndipo naanguka na yeye anapiga magoti.

Sikuanguka.

Kando ya moto kuna kikaango cha Morfydd, chenyewe hasa, cha chuma, kimetundikwa ukutani na kibao cha maelezo. Kila mtu anapiga picha nacho. Nilikishusha kwa mkono wa kulia. Idwal alikuwa ameshageukia watazamaji, mguu mmoja umeanza kupiga goti, amefungua mdomo kwa neno la kwanza la shairi.

Nilimpiga upande wa kichwa. Kwa nguvu zote za miaka yote ya kukanda unga.

Mlio ulikuwa mdogo. Sikutegemea. Kama kugonga mkate kusikia kama umeiva.

Akatua kwenye goti la pili. Akanigeukia, akainua uso akanitazama, na nilimwona – mimi tu nilimwona, mgongo wake ulikuwa kwa watu – hakuwa Maddock, wala mwenye adabu, wala mwokozi wa wavuvi. Akanyoosha mkono kunishika koo. Nikampiga tena. Akaanguka kifudifudi kwenye vipande vya sahani.

Walisimama wote. Walipiga makofi, walipiga miguu, vioo vilitetemeka, mtu alipiga mluzi. Kwa miaka yote Morfydd hajawahi kumrudishia Maddock kipigo! Mefin alipiga kengele ya baa. Walikuwa wanamngoja Idwal ainuke. Walingoja, wanacheka. Damu ilipofika kwenye buti za watu wa mbele ndipo mmoja akaacha kupiga makofi. Kisha mwingine.

Kikaango kilikuwa bado mkononi mwangu. Mwalimu Haydn akakitoa mkononi mwangu kwa upole, akapanguza mpini kwa leso yake, akakirudisha ukutani.

Jumapili, 22 Machi

Hospitali ya mjini. Fuvu limepasuka, hajaamka. Mimi bega limerudishwa mahali pake, jicho limeshonwa. Waliuliza nini kimetokea. Nesi mmoja alikuwepo baani, akajibu kwa niaba yangu – ni mchezo, ulizidi.

Nilimkuta Lowri kwenye varanda ya wodi. Nikanyoosha mkono kumkumbatia. Alinipiga kwa plasta. Uso, kifua, bega bovu. Nilimwacha. Alikuwa anapiga na kulia na kusema umeniulia mume, umeniulia mume. Manesi wawili walimshika. Mmoja wao alimwambia maskini, ni mshtuko.

Nikashuka ngazi natema damu.

Mjini wameshaanza. Nilipofungua mlango wa nyuma wa duka nilikuta maua na chupa ya jini. Jirani alipiga dirisha kunipa pole na hongera kwa pamoja. Hakuna aliyewahi kumwona Morfydd kama wangu, wanasema. Gazeti la Swansea limemwandika mtazamaji mmoja akisema alihisi yupo mwaka ule ule wa ugomvi wenyewe.

Polisi walipita. Yule aliyetabasamu makaburini, na mwenzake mpya, mwanamke, Delyth, katumwa kutoka makao makuu. Yule mwanamume alikuwa na maelezo ya watu wengi na wote wanasema jambo moja, ni mchezo. Alikuwa anafunga kalamu. Delyth aliuliza kwa nini kikaango cha kuigizia, cha karatasi ngumu, kilikutwa juu ya kaunta hakijaguswa.

Nilisema sikukiona. Jicho lilikuwa na damu.

Akaniuliza kama Idwal Beynon alikuwa mtu mkorofi. Mwanamume akacheka, akamwambia dada, muulize yeyote. Delyth akafungua daftari. Akaandika.

Jumatatu, 23 Machi

Ameamka.

Mwalimu Haydn alikuja na habari kabla sijatoa mikate. Idwal anaongea, anakula, anataniana na madaktari. Upande mmoja wa uso unalegea kidogo, utarudi. Polisi walimuuliza. Amewaambia ni mchezo tu, shemeji yangu alisahau zamu yake, hana kosa. Mji mzima unasema ni moyo gani huo wa kusamehe.

Nami nimetumiwa salamu zangu. Shemeji asiwe na wasiwasi. Nikitoka tutakaa mezani, watatu, tunywe chai.

Mwalimu alizisema salamu hizo akitabasamu, kisha akaona uso wangu, akaacha.

Akaketi kwenye gunia la unga. Akanieleza taratibu, kama zamani ubaoni. Watu wote wamesema mchezo. Idwal amesema mchezo. Kama mimi na Lowri nasi tutasema mchezo, limekwisha, hakuna mtu wa kwenda gerezani. Lakini ikisemwa kwamba Idwal anampiga mkewe, polisi wataona nilikuwa na sababu. Kikaango cha karatasi kilikuwa karibu zaidi. Nilipiga mara ya pili. Hilo si kusahau zamu, Heulwen, hilo wanaliita jaribio la kuua.

Nikamuuliza kwa hiyo ili mimi nisifungwe, yeye lazima arudi nyumbani akiwa hana doa.

 Akavaa kofia. Mlangoni akasema kamati ingependa, bila haraka, kujua kama nitacheza tena mwakani.

Jioni Lowri alikuja dukani kwa miguu. Alikuwa hajanena nami tangu hospitali. Alisimama upande wa wateja. Kumbe alikuwa kando ya kitanda Idwal alipoamka. Neno la kwanza lilikuwa jina lake. La pili alimnong'oneza sikioni, nalo Lowri hakunitamkia. Alisema tu kwamba watamruhusu wiki hii.

Nilimpa mkate. Akaushika kifuani kwa mkono mzima, ulikuwa bado moto. Nikamwambia aniache niseme mimi ukweli kwa polisi. Akasema hapana, kwa ukali. Akasema hutakwenda gerezani kwa ajili ya sahani zangu.

Akaniomba nikalale kwake.

Jumanne, 24 Machi

Nipo kwa Lowri, chumba cha juu, kitandani. Mlango nimeuacha wazi. Delyth amerudi, peke yake, bila mwenzake. Amesema anataka kuzungumza na mke wa mgonjwa, si nami, kwa hiyo nimepanda. Sakafu hii ni mbao tupu. Nasikia kila kijiko.

Lowri amempa chai. Amemwambia habari ya hali ya hewa. Ameulizwa kuhusu Jumamosi, akajibu kama alivyofundishwa na kila mtu – mchezo, ulizidi, dada yangu hajui kuigiza, ni mtu wa mikate. Hakutetereka. Nilijikuta napumua.

Nikajikuta pia naona aibu ya kupumua kule.

Delyth amemwuliza kuhusu mkono. Mteremko wa banda. Siku gani? Ameitaja. Delyth akasema siku hiyo boti ya uokoaji ilikuwa baharini tangu asubuhi, banda lilikuwa limefungwa, ameuliza. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayerudisha chenji.

 Nasikia saa ya ukutani.

Lowri ameuliza jambo ambalo sikulitegemea. Kwamba mtu akisema jambo moja, je, lazima aulizwe na la pili? Kwamba mtu akisema ya mumewe, je, lazima dada yake achukuliwe?

Delyth amesema hawezi kumdanganya. Amesema hajui. Itategemea. Amesema yeye anaweza tu kuandika yote kwa mpangilio wake, tangu mwanzo, wala si kuanzia Jumamosi.

Simu imelia chini. Imelia sana. Hakuna aliyeinuka. Ni hospitali, au Mwalimu. Au yeye. Imenyamaza.

Nimeshusha miguu. Nataka kushuka niseme mchezo, ulikuwa mchezo! Nataka kushuka niseme haukuwa. Nimesimama juu ya ngazi na kalamu mkononi na sijui ni lipi litakalonitoka mdomoni.

Kiti kimesogezwa. Lowri amesimama. Anasema afadhali waanze na mgongo, ndiko kwenye makovu ya zamani zaidi. Anasema samahani, kwa mkono mmoja hawezi, na anamwomba Delyth amfungulie vifungo.